Leta na Leka

Tanga lile lilipoingia dukani kwangu mara ya kwanza, nilidhani aliyelikata alikuwa amelewa. Nilikuwa na cherehani moja ya kukanyaga kwenye baraza ya duka hapo Busia, upande wetu wa Kenya, na kazi yangu kubwa ilikuwa gomesi, yale magauni marefu ya Kiganda. Miaka ile ya mwishoni mwa sabini vitambaa vilikuwa vimeadimika ng'ambo, kwa hiyo akina mama wa Uganda walivuka kuja kushonewa kwetu. Nilizijua gomesi vizuri: mabega yaliyochongoka, mshipi mpana wa kiunoni, na kitambaa kingi cha kuteleza ambacho kazi yake ni kuutangazia ulimwengu kwamba mama amefika. Siku hiyo mzungu mmoja mzee, aliyekuwa akichimba visima huko Butula, alishuka kwenye gari na mfuko mkubwa, akaumwaga juu ya meza yangu. Ikatoka nailoni nyepesi, ya rangi ya chungwa na nyeupe, ikajaa meza, ikashuka sakafuni, na bado ilikuwa inatoka.

Alinionyesha palipopasuka. Mimi nikalitandaza lote barazani, na hapo nikaona kosa lililo kubwa kuliko mpasuko. Lilikuwa na pembe tatu, lakini ukingo mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake, na tumbo lake limelalia upande mmoja. Nikachukua chaki na mkasi nimrekebishie kabisa, bila hata kumuuliza, maana fundi mzuri haachi kazi mbovu ya mwenzake ipite mikononi mwake. Mzee alinishika mkono kabla mkasi haujauma. Akanieleza kwamba limekatwa hivyo makusudi, ni mtindo mpya huko kwao: ukingo mrefu unakaa mbele ya mashua, mfupi unakaa nyuma, na halihitaji mti wa kulitegemeza kama yale ya zamani. Yeye aliliita spinaka. Mume wangu, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza baiskeli mtaa wa pili na ambaye saa ya chakula hakuikosa hata siku moja, alisimama mlangoni akalitazama, akasema hiyo ni gomesi ya mashua. Jina likabaki hilo.

Nililishona. Mzee alipokuja kulichukua nilikataa malipo, nikamwambia nataka tu kuliona limepanda. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Mimi ni Mteso wa Malaba, sisi watu wa ng'ombe na wimbi, na maji niliyoyazoea ni yale ya mtungi. Mume wangu ndiye mtu wa ziwa, Msamia wa Sio Port, na tangu anioe mama mkwe hakuacha kunitania kwamba nikifika ufukweni natembea kama kuku aliyeona nyoka. Alisema kweli. Nilikuwa nikienda kwao nakaa nyuma kabisa, penye nyasi, nikiwatazama wanawake wenzangu wakiosha vyombo maji yamewafika magotini huku wakicheka. Nilikuwa mgeni pale, na nilichoka kuwa mgeni.

Basi Jumapili moja baada ya kanisa tulikwenda Sio Port sote watatu. Mashua ya mzee haikuwa ya mashindano. Ilikuwa pana, nzito, ya kusafiria polepole, na ndani yake mlikuwa na kijumba chenye vitanda viwili na jiko la mafuta ya taa. Alitutoa nje kwa tanga kuu, na tulipofika mbali na matete akaigeuza, upepo ukawa nyuma yetu, kidogo upande wa kulia. Kisha akavuta kamba na gomesi ikapanda. Kwanza ilining'inia tu. Halafu ikapata upepo, ikajaa kwa kishindo ambacho nilikisikia tumboni, na ile mashua nzito ikainuka kidogo na kuanza kukimbia kimya kimya. Mshono wangu ulikuwa pale juu, katikati ya rangi ya chungwa, umenyooka, unashikilia ziwa zima. Nilifurahi mpaka nikatokwa machozi, na mume wangu akajifanya hakuniona.

Jioni yake, jirani yangu aliyeuza omena, dagaa wa ziwani, mbele ya duka aliniuliza nilikuwa wapi siku nzima. Nikamwambia nilikwenda Sio kuona matanga ya mzungu. Akaweka kikombe chini, akanishika mkono, akanipa pole, akauliza alikufa lini na kama ameacha watoto. Ilinichukua muda kumweleza kwamba tanga moja, la pili likija, yanakuwa matanga, na hakuna maiti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema hata hivyo si neno zuri la kuchezea. Tangu siku hiyo kila nikirudi ziwani alikuwa akiniuliza matanga yameendaje, na kila mara nilimsahihisha, na kila mara alicheka.

Tulianza kujifunza. Mzee alikuwa na sababu yake. Kazi yake ya visima ilikuwa inafika mwisho, angerudi kwao kabla ya mvua kubwa, na mashua ilikuwa imepata mnunuzi Kisumu. Alitaka kuipeleka mwenyewe, na sehemu ya mwisho, ndani ya ghuba, ambako upepo wa mchana unasukuma kuelekea Kisumu moja kwa moja, alitaka kuingia na gomesi imejaa. Hilo si jambo la mtu mmoja mwenye magoti mabovu. Alihitaji watu wawili. Akasema kama mimi na mume wangu tutaweza, ni sisi. Tusipoweza, atatafuta wanaume wawili wa pale Sio. Mimi safari hiyo niliitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Nililala nayo, niliamka nayo, nilishona nayo. Niliona kwamba nikifika Kisumu kwa maji, hakuna mtu wa ufukweni atakayenitania tena.

Kazi zetu ziligawanywa hivi. Mzee alikaa kwenye usukani. Mume wangu alishika kamba ya kupandishia, ile inayolivuta tanga hadi kileleni. Mimi nilishika kamba ya kona ya nyuma, ambayo ndiyo inayoliongoza: ukiivuta tanga linaingia, ukiiachia linatoka. Na Mzee alitoa amri. Kiswahili chake alikipata jikoni na kwenye visima, na kilikuwa na kitenzi kimoja kikubwa, nacho ni leta. Leta chai, leta jembe, leta gari, leta huyo kijana. Kwa hiyo kamba ikitakiwa kuvutwa, alisema leta.

Siku mbili za kwanza zilikwenda salama kwa sababu upepo ulikuwa mdogo na tulisikizana. Siku ya tatu ziwa lilikuwa na mawimbi na upepo ulivuma masikioni. Gomesi ilikuwa juu, imejaa, mimi nimekaa kwenye ukingo wa mashua nimeishika kamba yangu kwa mikono miwili, najiona mtu. Mara ukingo wa mbele wa tanga ukaanza kukunjika ndani. Mzee akapiga kelele neno moja. Nikafungua mikono, kamba ikaniponyoka ikaruka nje. Tanga lote likatangulia mbele ya mashua likipigapiga kwa mlio wa kutisha. Mzee akapaza sauti zaidi, neno lile lile, mara mbili, mara tatu, na mume wangu kule kwenye mlingoti naye akaachia kamba yake. Gomesi ikashuka kutoka mbinguni kama mwali aliyezimia. Ikalala juu ya maji mbele yetu, na sisi tukapita juu yake.

Ilijisokota chini ya mashua na kwenye usukani, tukasimama kabisa. Wavuvi waliokuwa karibu waliacha nyavu zao wapate kucheka kwa raha. Mzee alikuwa amekuwa mwekundu mpaka shingoni.

"Mimi nasema leta," alisema, polepole, akitutazama mmoja baada ya mwingine. "Leta, leta, leta. Nyinyi nafanya nini?"

Mume wangu alisema alifanya alivyoambiwa. Mimi nilisema hivyo hivyo. Mzee akaona tunamfanyia kiburi. Wavuvi walitusaidia kulitoa tanga, limepasuka sehemu tatu. Alipotushusha Busia alinikabidhi mfuko uliokuwa bado unachuruzika maji, akasema nikimaliza kushona nimpelekee habari, na kwamba kwa safari ya Kisumu atachukua vijana wa Sio, tusikasirike.

Nilikasirika. Mimi hasira zangu haziji na kupita. Zinakuja zinapika na kula. Nilimgeukia mume wangu usiku huo nikamwambia kwamba yeye ndiye aliyeangusha tanga, angeniachia mimi kosa langu peke yangu. Yeye akasema ningeshika kamba yangu, yake isingekuwa na habari. Tukalala kila mtu anatazama ukuta wake.

Lile tanga nililisuuza, nikalianika, nikalishona vizuri, maana sijui kushona vibaya hata nikiwa na hasira. Lakini lilipokuwa tayari sikupeleka habari. Nililikunja nikaliweka chini ya meza na kuweka miguu yangu juu yake. Mzee alipokuja mwenyewe nilimwambia limekwisha, liko hapa, ila halitoki dukani bila mimi. Kama mimi siendi Kisumu, gomesi nayo haiendi. Alifikiri natania. Akangoja. Mimi nikaendelea kukanyaga cherehani. Akaenda zake bila tanga, na mume wangu aliposikia alishika kichwa, akasema nimemteka nyara mtu mzima.

Sikuwa na hoja yoyote zaidi ya ukaidi. Hoja ilikuja siku chache baadaye, kwa miguu yake. Mama mmoja kutoka ng'ambo, mnene, mcheshi, mteja wangu wa miaka, alikuja kujaribu gomesi yake. Alisimama barazani ameushikilia mshipi kwa mkono mmoja ili nimpime mabega. Lori lilikuwa linapita likinguruma kuelekea mpakani. Nilitaka mkono wake mwingine, nikamwambia leta. Akauachia mshipi. Kitambaa chote kikamwanguka miguuni, akabaki na shimizi mbele ya wachuuzi wa ndizi.

"Mama, si umesema leka?" aliniuliza, akikusanya nguo yake.

Leka. Kwa Kiganda, leka ni acha, achilia. Mimi nililijua neno hilo tangu utotoni, soko la Malaba lilikuwa limejaa wanawake wa Kiganda na leka zao: leka hiyo, leka mtoto, leka nipite. Na kwao mume wangu, kwa Kisamia, wanalitamka karibu hivyo hivyo kwa maana hiyo hiyo. Upepo ukivuma, au lori likipita, ile ta ya mwisho haisikiki. Mzee alipiga kelele leta, na sisi wawili, kila mmoja kwa masikio aliyolelewa nayo, tulisikia leka. Alivyozidi kutuambia tulete ndivyo tulivyozidi kuacha. Nilicheka nikiwa nimepiga magoti sakafuni na pini mdomoni, mpaka yule mama akaniomba nisije nikazimeza. Nikatoka mbio, nikaacha mteja nusu amevaa, kwenda kumwambia mume wangu. Alinisikiliza mkono wake ukiwa bado kwenye gurudumu la mtu. Kisha akasema, taratibu sana, kwamba basi yeye hakuwa na kosa. Nikamwambia wala mimi. Tulisameheana hapo hapo mbele ya mwenye baiskeli.

Kumwelewesha Mzee kulikuwa kazi, lakini alipoelewa alikaa kwenye ngazi ya duka langu akalirudia lile neno kwa sauti ndogo, leta, leka, leta, leka, akitikisa kichwa. Alisema miaka yote ya visima amekuwa akishangaa kwa nini akiwaambia watu walete ndoo, mara nyingine ndoo inaanguka kisimani. Mume wangu alipendekeza tutumie vuta na legeza. Nikakataa, legeza nayo inaanza na le, tutarudi kule kule. Tukachukua maneno yangu ya cherehani, ya kurekebisha uzi: kaza na achia. Hayafanani hata ukiyasema ukiwa ndani ya pipa. Mzee akasema sawa, tutajaribu mara moja. Nikatoa miguu juu ya mfuko.

Tulijaribu mara nyingi, na hizo ndizo Jumapili ninazozikumbuka kuliko zote za ujana wangu. Nilijifunza kwamba siri ya tanga lile si nguvu. Unaachia kamba kidogo kidogo, huku macho yako hayaondoki kwenye ule ukingo mrefu wa mbele, mpaka uanze kujikunja, kiasi cha upindo wa sketi. Hapo unakaza kidogo tu, unanyooka. Halafu unaachia tena, unautafuta tena ule upindo. Ukikaza na kutulia kwa woga, mashua inazubaa. Ukiachia ukasahau, linaanguka. Unakaa pale pale kwenye mpaka wa mawili, muda wote, na mimi ni mtu wa mpakani, sikuona ugumu. Nilijifunza pia kwamba upepo ukiwa nyuma kabisa, tanga kuu linaikinga gomesi, inanyauka, kwa hiyo huendi moja kwa moja unakotaka kwenda. Unakwenda ukikatakata, mara upande huu, mara ule. Ilifika siku Mzee hakusema kaza wala achia kwa masaa, nilikuwa nikifanya mwenyewe, na yeye alikuwa akimenya karanga.

Tulipoondoka Sio Port kwenda Kisumu, mama mkwe alikuja ufukweni. Kwao wanawake hawakuwa wakipanda vyombo vya kuvulia, na alikuwa ameshasema yote aliyotaka kusema kuhusu jambo hilo. Siku hiyo aliingia majini mpaka magotini, akanipa mhogo wa kuchemsha umefungwa kwenye jani, akarudi nchi kavu. Nilikuwa mimi niliye majini na yeye aliye ufukweni, na sote wawili tuliliona hilo.

Tulishuka polepole, tukilala kwenye ghuba ndogo ndogo, tukila samaki na mhogo. Kisha tukapita ule mlango mwembamba karibu na Mbita tukaingia ndani, na mchana upepo ukaja nyuma yetu kama Mzee alivyosema. Gomesi ikapanda. Watu walitoka kwenye nyumba zao kando ya maji kuitazama. Baada ya muda Mzee aliinuka kwenye usukani kwa shida, akaniita, akachukua kamba yangu akanipa mahali pake. Sikuwa nimeomba. Mashua nzima ilikuwa chini ya kiganja changu, na milima ya upande wa kusini ilikuwa ikirudi nyuma taratibu, na mume wangu aliyekuwa kwenye mlingoti alikuwa akinitazama kama siku aliyokuja kwetu Malaba kuniposa. Sikuogopa chochote. Mzee alikuwa akikaza na kuachia, macho kwenye ukingo, na uso wake niliuona upande. Alikuwa mtu mwenye raha kamili, na aliyejua kwamba inakwisha.

Mnunuzi alikuwa akitungoja gatini, mtu mpole aliyevaa kofia. Alikagua mlingoti, akakagua kijumba, akauliza maswali. Mimi nilikuwa nimelikunja tanga na kulifungia kwenye mfuko, maana lilikuwa mali ya mashua na mashua ilikuwa sasa yake. Nikaubeba mfuko kifuani nikasimama mbele ya Mzee. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo njia nzima, lakini mikono yangu ilikuwa imeukumbatia vibaya.

"Mzee, nimpe?"

Kulikuwa na upepo, na meli ya mizigo ilikuwa ikipiga honi. Alisema neno moja. Nikasikia leta, nikanyoosha mikono kumpa yeye mfuko. Akatikisa kichwa, akanikaribia, akaurudisha mfuko kifuani kwangu, akalisema tena polepole ili nisikosee.

"Leka, Fundi. Leka."

Halafu akamgeukia mnunuzi, akaanza kumweleza habari za lile jiko la mafuta ya taa.

Tulirudi Busia kesho yake, mfuko kwenye magoti yangu, mume wangu akiwa ameulazia kichwa amesinzia. Jirani wa omena alituona tukishuka, akaona na sura yangu. Akaacha wateja wake, akaja kunipokea mzigo.

"Mmetoka matanga?" aliniuliza.

Nikamwambia ndiyo. Safari hii sikumsahihisha, na yeye hakucheka. Alinishika mkono kama alivyonishika ile mara ya kwanza, tukaingia ndani, akatuwekea chai.